Mimi na mwanangu tumefanana: je, ni ADHD, na nani aanze kutibiwa?

*Daktari, nina miaka 36, ni fundi seremala hapa Dodoma na nina karakana yangu upande wa Nkuhungu. Mwanangu wa kiume ana miaka minane, yuko darasa la pili. Mwalimu wake ameniita: mtoto hatulii, anaondoka kwenye dawati, anapoteza penseli na madaftari, kazi hamalizi, ingawa akiulizwa kwa mdomo anajibu vizuri. Mwalimu akasema nimpeleke hospitali ya akili ya Mirembe akapimwe ADHD. Niliposoma dalili zake kwenye simu nilijiona mimi mwenyewe. Napokea advansi, naanza kitanda cha mteja kwa ari, halafu naanza kabati la mwingine, mwisho wote wananipigia simu na sipokei. Nimeshauza mashine ya randa kulipa madeni. Nikinywa vinywaji vya kuongeza nguvu nafanya kazi usiku kucha, lakini asubuhi siamki. Mama yangu anasema na mimi nilikuwa hivyo hivyo, nikachapwa mpaka nikazoea. Mke wangu anasema ni uzembe, na kwamba mtoto ananiiga. Naogopa Mirembe kwa sababu wateja wakisikia, nimekwisha. Nimeambiwa pia kwamba dawa zake ni za kulevya. Je, huu ni ugonjwa kweli au ni tabia? Nimemwambukiza mwanangu? Nimchape au nimwache? Na mtu kama mimi anawezaje kumlea mtoto wa namna hiyo?*

Ndugu yangu, nitaanza na swali uliloliweka mwisho, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Mtu kama wewe anaweza kumlea mtoto wa namna hiyo, na wako wengi wanaofanya hivyo vizuri, ila kwa sharti moja: asijifiche nyuma ya mtoto. Jambo ninaloliona mara nyingi ni kwamba familia humleta mtoto, humweleza mtoto na kusubiri mtoto abadilike, lakini mzazi aliyeketi kiti cha pembeni, ambaye amesahau kadi ya kliniki nyumbani na ameshatoka nje mara kadhaa kupokea simu, haulizwi neno. Watafiti wa mafunzo ya malezi wanayopewa wazazi wa watoto wa namna hii wameonyesha kwamba mzazi mwenye dalili nyingi za ADHD hunufaika kidogo na mafunzo hayo kuliko wenzake. Si kwamba hayaelewi. Mafunzo yenyewe yanadai ratiba, subira na kurudia jambo lile lile kila siku, nayo ndiyo yanayomshinda. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mwende wawili, wewe na mwanao, na kila mmoja afunguliwe faili lake.

Sitasema kwamba una ADHD, kwa sababu barua haimpimi mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba uliyoyaeleza yanatosha kabisa kukupeleka kwa mtaalamu.

ADHD ni kifupi cha jina la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu hueleza hali ya upungufu wa umakini na utundu uliozidi. Umeuliza kama ni ugonjwa au ni tabia. Kwa usahihi ni hali ya ukuaji wa ubongo: mtu huanza nayo utotoni, haimpati ukubwani kama malaria, na wala hakuichagua. Wapo wanaoamini kwamba imezuka juzi pamoja na simu za kisasa, lakini daktari wa Scotland aitwaye Alexander Crichton aliwaeleza watu wa namna hii mwaka 1798, na George Still aliwaeleza watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake mjini London mwaka 1902. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imeiweka katika kundi moja na usonji, yaani kundi la hali za ukuaji wa ubongo. Makadirio ya dunia ni kama asilimia 5 ya watoto na asilimia 2.5 ya watu wazima. Katika darasa la watoto 80, ambalo si jambo la ajabu katika shule zetu, mwalimu anaweza kuwa na watoto wanne wa aina ya mwanao, na huenda huyo aliyekuita amemwona mmoja tu kwa sababu wengine hukaa kimya wakiangalia dirishani. Wasichana hasa hupitwa hivyo.

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe, kwa sababu ukilielewa hutajiita mzembe tena, wala hutamwita mwanao mkaidi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayoshikilia jambo akilini wakati unalitenda, inayozuia mkono usirukie jambo jingine, na inayokumbusha kwamba Ijumaa iko karibu. Kwa lugha ya kazi yako, ndiyo msimamizi wa saiti: habebi tofali wala hapigi msumari, lakini asipokuwapo mafundi hodari hufanya kila mtu lake. Msimamizi huyo hutegemea kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, ambazo kwa mwenye ADHD hazifanyi kazi sawasawa katika mitandao hiyo. Elimu unayo na ufundi unao. Kinachoyumba ni kukitenda unachokijua, mahali panapotakiwa na saa inayotakiwa. Ndiyo maana mawaidha hayasaidii. Mkeo anapokuambia umalize kitanda cha watu, hakuambii jambo usilolijua.

Zaidi ya hapo, ubongo wa namna hii huipunguzia thamani haraka mno zawadi iliyo mbali. Malipo ya wiki tatu zijazo, ambayo kwa fundi mwingine yana uzito, kwako huwa kama hayapo, wakati advansi ya mteja mpya aliyesimama mlangoni ina uzito wote. Tazama sasa jinsi kazi ya useremala ilivyokaa. Mwanzoni kuna fedha mkononi, kuna kuchora na kupima, kuna mteja anayekusifu. Katikati kuna msasa, gundi na vanishi, siku baada ya siku, bila wa kukusifu. Na mwishoni kuna fedha ambazo nyingi umeshazitumia. Ubongo wako huwaka mwanzoni na kuzimika katikati. Kisha mteja anapokuja na hasira kwamba harusi ni kesho, hatari imekuwa ya sasa hivi, unawaka upya na kufanya kazi mpaka alfajiri, na kila mtu anasema, “Kumbe ukitaka unaweza.” Sentensi hiyo imewaumiza watu wengi kuliko matusi, kwa sababu inaonekana kuwa kweli. Uwezo wa kuzama katika jambo linalovutia, au linalotisha, haupingi ADHD. Kwa mwenye hali hii umakini upo, ila hautii amri yake.

Kuhusu mtoto, kuna jambo moja ambalo ningetaka ulishike. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha mwaka 2007 vipimo vya picha za ubongo vilivyoonyesha kwamba gamba la ubongo la watoto wenye ADHD lilifikia unene wake wa juu wakiwa na wastani wa miaka kumi na nusu, wakati wenzao walifikia wakiwa na miaka saba na nusu. Ukuaji ulifuata njia ile ile, ila ulichelewa. Kwa hiyo mwanao wa miaka minane anaweza kuwa na akili ya miaka minane anapojibu swali, na utulivu wa mtoto wa miaka mitano au sita anapotakiwa kukaa. Ukimdai utulivu wa umri wake utamchapa kila siku, na kila siku atakosa.

Hukumwambukiza. ADHD haiambukizi, wala mtoto haipati kwa kumwiga baba, ingawa mazoea ya nyumba yanaweza kuizidisha au kuipunguza. Ni kweli kwamba hurithiwa sana: tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya tofauti kati ya watu katika dalili hizi hutokana na vinasaba. Wengi huisoma namba hiyo vibaya, wakadhani kwamba kila mtoto wa mzazi mwenye ADHD ana uwezekano wa asilimia 70 wa kuipata. Sivyo, na ndugu wa mtoto aliye nayo wanaweza wasiwe nayo kabisa. Kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo wakati wa kuzaliwa na sumu ya madini ya risasi ni mambo mengine yanayohusishwa nayo. Hilo la mwisho linakuhusu wewe kwa kazi yako: ukikwangua fanicha ya zamani yenye rangi kuukuu, au kama jirani wa karakana anavunja betri chakavu za magari, usimruhusu mtoto kucheza kwenye vumbi hilo, nawe ubadilishe nguo kabla ya kumbeba.

Yaliyobaki katika lawama nitayapita haraka. Sukari haisababishi ADHD, na majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu miaka ya 1990, ambapo wazazi hawakuambiwa ni mtoto yupi amepewa sukari, hayakuona kwamba iliwabadilisha watoto tabia. Mapepo na kurogwa sitavijadili, isipokuwa kusema kwamba fedha za tambiko zingetosha nauli ya kliniki. Mama yako, ambaye namheshimu, anasema ulichapwa mpaka ukazoea. Lakini ulichozoea ni fimbo, na dalili umekuja kuniandikia mimi ukiwa na miaka 36. Kuchapa kunategemea mtoto aione adhabu ya baadaye kabla ya kutenda, na kuona mbele hivyo ndiko kunakomshinda mtoto huyu. Kwa hiyo fimbo humfunza hofu na uongo, haimfunzi kusimama.

Kuna tahadhari ambayo lazima niiweke, hata kama itakupunguzia faraja. Nchi hii ina mafundi wengi wanaochelewesha kazi, na wengi wao hawana ADHD. Wamekosa mtaji, hivyo advansi ya mteja wa leo hununua mbao za mteja wa juzi, na mnyororo ukikatika wote hulia. Tangu Serikali ihamie Dodoma kazi za ujenzi na samani zimekuwa nyingi kuliko mikono, na fundi asiyejua kukataa oda huzama hata kama ubongo wake hauna tatizo. Mtaalamu atakachotafuta ni kama mambo haya yalikuwapo kabla hujafikisha miaka 12, kama yanaonekana zaidi ya mahali pamoja, yaani nyumbani, kazini, kanisani au msikitini na barabarani, na kama yameharibu maisha yako kweli. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, unadai dalili sita kati ya tisa za kukosa umakini, au sita kati ya tisa za kutotulia na kukurupuka, kwa mtoto, na tano kwa aliyetimiza miaka 17. Lipo pia dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani la maswali sita kwa watu wazima, ambalo unaweza kupewa kliniki. Hilo huonyesha nani apimwe zaidi, halitoi hukumu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha ADHD, na anayekuuzia kipimo cha namna hiyo anakuuzia karatasi.

Kinachopimwa ni mambo mengine yanayofanana nayo. Mtoto achunguzwe masikio na macho kwanza, kwa sababu asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Daktari aulize kama anakoroma usiku kwa ajili ya mafindofindo au nyama za pua, kwa kuwa mtoto asiyelala vizuri mchana hurukaruka badala ya kusinzia. Aulize kama amewahi kuugua malaria kali iliyompotezea fahamu, kwa maana inaweza kuacha udhaifu wa umakini. Apime damu kama imepungua. Na aulize kuhusu kuzubaa kwa sekunde chache huku macho yakiwa wazi, ambako kunaweza kuwa aina ya kifafa. Kwa kuwa mwanao hujibu vizuri kwa mdomo lakini kazi ya kuandika haimaliziki, ningetaka pia apimwe kusoma, kwani ugumu wa kusoma unaoitwa disleksia huenda sambamba na ADHD mara nyingi. Kwako wewe ataangalia tezi ya shingo, sonona, wasiwasi, pombe, bangi, usingizi, na kama umewahi kuanguka na pikipiki ukapoteza fahamu.

Na Mirembe? Najua jina hilo linavyotumika mitaani: anayetaka kumdhihaki mwenzake humwambia aende Mirembe. Hospitali hiyo imehudumia nchi nzima tangu miaka ya 1920, na kwa miongo mingi waliofikishwa pale walikuwa wale waliozidiwa kabisa, hivyo jina likabaki na picha hiyo. Leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na watu wengi wanaoingia getini ni wagonjwa wa nje ambao huonana na daktari na kurudi kazini siku hiyo hiyo, wakiwamo watumishi wa umma na wanafunzi wa vyuo ambao usingewadhania. Kinachosemwa kliniki ni siri yako kwa mujibu wa maadili ya taaluma, na mteja wa kabati hana haki ya kukijua. Hata hivyo, kama hofu ndiyo itakayokufanya uahirishe mpaka mwakani, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na uombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Heri mlango wa pili unaoingia kuliko wa kwanza unaoupita.

Tuje kwenye dawa. Uliyoambiwa yana mzizi: methilfenideti, dawa inayotumika zaidi duniani kwa hali hii, imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa sababu ikisagwa na kutumiwa kiholela inaweza kulevya. Ikimezwa kwa dozi ya daktari huingia ubongoni taratibu; kazi yake ni kuzuia dopamini na noradrenalini zisirudishwe haraka zilikotoka, ili msimamizi yule apate kukaa kazini. Aina ya muda mfupi huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja na kudumu kama saa nne. Watoto waliotibiwa nayo wamefuatiliwa mpaka ukubwani, na hawakuonekana kuangukia dawa za kulevya kuliko wenzao wasiotibiwa. Madhara yake ya kweli ni mengine: hamu ya kula hupungua, usingizi huweza kuchelewa, tumbo na kichwa huweza kuuma, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huweza kupanda kidogo, na urefu wa mtoto huweza kuchelewa. Ndiyo sababu mtoto hupimwa uzito, urefu na presha kila anaporudi, na ndiyo sababu mwenye ugonjwa wa moyo katika familia lazima aseme kabla.

Ipo pia atomoksetini, ambayo si ya kundi hilo na haihofiwi kulevya, lakini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na kwa watoto na vijana inahitaji uangalizi wa hisia zao na mawazo ya kujidhuru. Nitakuwa mkweli kuhusu upatikanaji. Dawa hizi hazikai katika kila duka la dawa. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuingiza methilfenideti katika orodha yake ya dawa muhimu, na kamati ya wataalamu ikakataa mwaka 2019 na tena mwaka 2021, ikisema ushahidi wa manufaa yake haukutosha. Kwa hiyo muulize daktari mapema ni ipi inayopatikana, kwa bei gani, na kama bima yako inaigharamia, kabla hujaanza kitu utakachokikatisha mwezi wa pili. Usinunue vidonge vya mkononi kwa mtu, hata akiapa kwamba ni vile vile.

Je, dawa inatosha? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliohusisha watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa iliyosimamiwa kwa makini ilipunguza dalili zaidi ya mafunzo ya tabia peke yake, na kwamba waliopata vyote viwili walitumia dozi ndogo. Lakini kufikia mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi zilikuwa zimefifia. Mimi nausoma hivi: dawa hufungua nafasi, na nafasi hiyo isipojazwa mazoea mapya mambo hurudi yalivyokuwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita huanza na mafunzo ya wazazi. Kwa wa miaka minane kama wako, familia na daktari huamua kwa kuangalia anaumia kiasi gani. Wapo wanaofanya vizuri bila dawa. Wapo pia ambao kuwanyima dawa kwa sababu ya maneno ya jirani ni kuwaonea.

Vinywaji vya kuongeza nguvu viache, au angalau usivinywe baada ya saa sita mchana. Kafeini hukuamsha kidogo lakini haitibu ADHD, na usingizi unaoupoteza hukuzidishia dalili zote kesho yake, kisha unahitaji kopo jingine. Bangi, kama ipo, hudhoofisha kumbukumbu ambayo tayari ni haba.

Sasa karakana, ambayo ndiyo naona unaweza kuibadilisha wiki hii bila kumsubiri daktari. Kwa kuwa ubongo hauishikilii ratiba, ratiba ikae nje ya ubongo, mahali kazi inapofanyikia. Weka ubao wa chaki mbele ya meza yako ya kazi, usiwe daftari la kufungia kabatini, na uandike oda mbili tu zilizo wazi. Ya tatu iandikwe chini ya mstari, na mwenye oda hiyo aambiwe tarehe ya kuanza, asilipe chochote mpaka siku hiyo. Badilisha malipo yafuate hatua: theluthi ya kwanza mbao zinaponunuliwa, ya pili mteja anapokuja kuona fremu imeunganishwa, ya tatu anapochukua mali yake. Hapo unakuwa umeileta zawadi karibu, na unajilinda usile fedha za katikati. Ya mbao mteja ailipe moja kwa moja kwa simu kwenye duka la mbao mkiwa wote. Msasa na vanishi mpe kijana anayeviweza na umlipe, bila kuona aibu. Fundi mkubwa si lazima asugue mwenyewe. Randa, patasi na misumeno chorea umbo lake ukutani kwa rangi pale inapotundikwa, ili kilichokosekana kionekane kabla ya kufunga.

Simu usizozipokea ndizo zinazokumaliza, kwa maana kila siku unayoikwepa huongeza hofu ya kesho. Chagua saa moja, tuseme saa tatu asubuhi, kijana wako akae pembeni huku unawapigia wateja watatu. Huhitaji akusaidie kuongea. Mtu kuwapo tu hukufanya uanze. Useme ukweli mfupi: kazi imefikia hapa, itaisha siku fulani. Mteja wa Dodoma amezoea kudanganywa na mafundi, na anayemwambia ukweli hata wa kuudhi humrudia.

Nyumbani ni kanuni ile ile, ila kwa upole zaidi. Begi na sare ziwekwe mlangoni usiku, siyo asubuhi. Amri iwe moja kwa wakati mmoja, ukiwa umemsogelea na kumshika bega, kwa sababu maneno yanayorushwa kutoka chumba kingine hayamfikii. Ukisema “oga, uvae, ule, uchukue begi”, amebaki na la kwanza. Kazi ya shule iwe dakika kumi, kisha akachote maji au akimbie uani, kisha kumi nyingine. Sifa itolewe papo hapo na itaje kitu: “Umekaa mpaka umemaliza hesabu hizi.” Adhabu iwe ndogo, ya haraka na inayofanana kila mara, kama kukosa mpira jioni ile tu. Karakanani asikae peke yake karibu na msumeno wa umeme hata dakika moja. Watoto wa namna hii huumia kuliko wenzao, na mkono huenda kabla ya onyo kufika.

Wewe mwenyewe utakasirika haraka, kwa kuwa kukurupuka kwake na kwako kunagongana saa ile ile ya asubuhi. Kubalianeni wewe na mkeo neno la kuambiana, na anayelisikia atoke nje mpaka atulie. Mkeo asigeuzwe polisi wako. Amechoka, na hasira yake ina haki yake. Mwombe aje naye kliniki, asikilize kutoka kwa mtaalamu, kisha mgawane kazi kwa uwezo: kama yeye ndiye mwenye kumbukumbu ya tarehe na fedha, ashike hizo, nawe ushike yale unayoyamudu bila kukumbushwa.

Shuleni usiende na jina la ugonjwa kabla ya kupimwa. Nenda na maombi madogo ambayo mwalimu wa darasa kubwa anayaweza: mtoto akae mbele, mbali na dirisha, apewe kazi fupi fupi, na awe ndiye anayefuta ubao au kugawa madaftari, ili mwili wake upate ruhusa ya kuondoka kwenye dawati. Mwanao naye mwambie kwa lugha ya kawaida kwamba ubongo wake una haraka, kwamba wa baba pia una haraka, na kwamba mnakwenda kujifunza wote jinsi ya kuupunguza mwendo. Usimwambie ni mgonjwa, na usimwambie ni kipaji kilichofichika. Yote mawili yatamlemea.

Siku ya kliniki uje na ripoti zako za shule ya msingi kama zipo, na mama yako kama anaweza, au umpigie simu mbele ya daktari, kwa maana yeye ndiye shahidi wa utoto wako. Yapo mambo yasiyosubiri siku hiyo, na likiwapo lolote kati ya haya nenda hospitali iliyo karibu mara moja. Kama unafikiria kujiua, au umefika mahali pa kuona familia ingekuwa nafuu bila wewe. Kama umepitisha siku kadhaa bila kulala na huoni uchovu, ukipanga mambo makubwa na kutumia fedha ovyo, jambo ambalo linaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa na linalohitaji dawa nyingine. Kama mtoto anazubaa asijibu, anapata degedege, au anapoteza ujuzi aliokuwa nao. Au kama umempiga mpaka ukaogopa mkono wako. Kwa hilo la mwisho, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo, na mzazi naye anaruhusiwa kuipiga.